Usiisugue Rupia ya Bibi

Ndugu msomaji, nyumbani mwako, au kwa wazee wako huko shambani, huenda kuna kopo. Pengine ni kopo la majani ya chai, pengine ni kijisanduku cha mbao kilichokwisha kupoteza kufuli. Ndani yake mna vifungo vya nguo, sindano, risiti za kodi zilizofifia, na chini kabisa sarafu chache ambazo hazinunui tena kitu chochote dukani. Kwa miaka mingi hakuna anayelijali kopo hilo. Siku mwenyewe anapofariki ndipo hufunguliwa mbele ya watu. Makala haya yanahusu siku hiyo, na jambo moja ambalo aghalabu watu hulifanya siku hiyo kwa nia njema kabisa, nalo likishafanyika halirekebishiki.

Kopo la Kilolo

Mimi nililishuhudia jambo hilo Kilolo, mkoani Iringa. Ulikuwa mwezi wa Julai, majira ambayo ukungu wa milima ya Udzungwa huchelewa kuondoka mabondeni, na wageni tunaotoka Dar es Salaam hung'ang'ania moto wa jikoni kama watoto. Ukoo ulikuwa umekusanyika kumaliza matanga ya bibi yetu, mzaa baba. Baada ya salamu za "kamwene" na chakula, shangazi, aliye mkubwa wa watoto wa marehemu, alilileta kopo katikati ya mkeka.

Mlikuwa na rupia saba za fedha za enzi za Mjerumani na konzi moja ya hela za shaba. Mlikuwa pia na kikasha kidogo chenye sarafu nne za Tanzania za mwaka 1966, ambacho baba mkubwa, aliyekuwa karani, alipewa zawadi na kumwachia mama yake akitunze. Rupia zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Shangazi alisema kwamba vitu vya marehemu havigawiwi vikiwa vichafu. Basi jioni ile kijana mmoja wa ukoo akachukua rupia tatu, akazisugua kwa jivu na ndimu mpaka zikang'aa kama vijiko vipya. Sote tulimpongeza. Nakiri kwamba mimi nilimsifu kuliko wengine.

Kesho yake alikuja mnunuzi kutoka mjini, na mizani yake mkononi. Alizipima rupia zote saba kwa pamoja, akataja bei ya uzito wa fedha, basi. Shangazi alimtazama kwa utulivu, akamwambia, "Mwanangu, sisi huku tunachouza kwa kilo ni viazi." Mnunuzi akaondoka. Kisha shangazi akanipa rupia mbili, moja iliyosuguliwa na moja iliyobaki nyeusi, niende nazo Dar es Salaam kwa mtu anayejua.

Nilimpata mzee mmoja mstaafu ambaye amekusanya sarafu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alizishika kwa ukingo tu, kwa ncha za vidole viwili, akazipeleka dirishani. Alipoiinamisha ile nyeusi kidogo kidogo kwenye mwanga, niliona kitu ambacho Kilolo hatukukiona: weusi ule haukuwa weusi. Ukingoni palikuwa na buluu, ndani yake zambarau, na karibu na uso wa mfalme palikuwa na rangi ya asali. Aliirudisha mezani, akanionyesha ile yenye kung'aa. "Ile ni rupia," alisema. "Hii ilikuwa rupia."

Vipande vya historia

Kabla sijaeleza alichonifundisha mzee yule, hebu tukumbushane sarafu hizi zilitoka wapi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Pesa ile ilikuwa na tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Rupia ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa helmeti yenye tai, na upande wa pili simba chini ya mnazi. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua mahali pa kampuni katika jambo hili, na rupia ikagawanywa katika heller 100. Heller zimekwisha kutoka mifukoni, lakini hazikutoka vinywani: kila unaposema "sina hela", unaitaja sarafu hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia za baharini zilipozibwa, Wajerumani walifua sarafu Tabora, katika karakana ya reli, mwaka 1916. Huko ndiko ilikotoka sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotumia dhahabu ya Sekenke. Baada ya vita Waingereza walileta florini ya mwaka 1920 na kisha shilingi ya mwaka 1921, na rupia ikaishia makoponi.

Kwa watu wa Kilolo, hata hivyo, rupia haikuwa fedha ya sokoni tu. Lugalo, ambako Wahehe walikishinda kikosi cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, iko katika wilaya hiyo hiyo. Baada ya kumsaka Mtwa Mkwawa kwa miaka, Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Alijiua kwa risasi mwezi wa Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Na fuvu lake halikurudi nyumbani Kalenga mpaka mwaka 1954. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66. Fanya hesabu, ndugu msomaji: rupia 5,000 zingekuwa zaidi ya kilo 58 za fedha, yaani uzito wa mtu mzima. Mwaka ule ule wa 1898 ilianza kodi ya nyumba, na mkulima akalazimika kuzitafuta rupia hizo hizo kwa jasho lake.

Rupia tuliyoisugua ilikuwa na tarehe ya 1898.

Rangi hutoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba sarafu iliyobadilika rangi ina uchafu. La hasha. Uchafu huwekwa juu ya sarafu kutoka nje, lakini rangi hii hufanywa na fedha yenyewe. Hewani mna salfa kidogo, hasa penye moshi wa kuni au wa makaa. Salfa hiyo huungana na fedha na kufanya utando mwembamba mno juu ya uso wa sarafu. Umewahi kuona tone la mafuta ya taa juu ya dimbwi la maji, jinsi linavyotoa rangi za upinde wa mvua? Mafuta hayana rangi hizo. Ni mwanga unaogongana katika utando mwembamba. Utando wa sarafu hufanya vivyo hivyo. Ukiwa mwembamba sana huonekana wa manjano, ukizidi kidogo huwa mwekundu na zambarau, kisha buluu, na ukiendelea kwa miaka mingi mwishowe huwa mweusi kabisa. Sarafu za shaba nazo hupita njia yao, kutoka wekundu wa moto hadi kahawia ya chokoleti.

Wakusanyaji husema sarafu kama hiyo imeiva rangi, nami naona neno hilo linafaa. Tunda likiiva vizuri huwezi kulirudisha ubichi wake, wala hakuna sababu ya kutaka kufanya hivyo. Utando ule umeundwa na fedha ya juu kabisa ya sarafu. Jivu na ndimu haziondoi rangi peke yake. Zinaondoka na ngozi ya sarafu, pamoja na mng'ao ule wa asili ulioachwa na mashine siku ilipofuliwa. Badala yake hubaki mikwaruzo maelfu, myembamba kama nywele. Macho ya kawaida huuona mng'ao mpya. Macho ya mjuzi huona kidonda. Utando mpya utakuja baada ya miaka, lakini utakaa juu ya mikwaruzo hiyo daima.

Kikasha cha baba mkubwa

Nilipomweleza mzee habari za kile kikasha, alikaa wima. Zile sarafu nne, alisema, huenda ni pruufu. Nilidhani neno hilo lina maana ya sarafu bora kabisa, lakini alinisahihisha. Pruufu si daraja la ubora. Ni namna ya kufua. Muhuri wa chuma husuguliwa mpaka ung'ae, kipande cha madini nacho husafishwa, kisha hupigwa zaidi ya mara moja kwa nguvu kubwa. Sarafu inayotoka ina uwanda unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, na picha zilizochongwa kwa ukali usio wa kawaida. Haitengenezwi kwa ajili ya soko la nyanya, bali kwa zawadi na makumbusho.

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwezi Juni 1966, sarafu zetu za kwanza zilichorwa na Mwingereza Christopher Ironside. Zote zilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja ilikuwa na mwenge. Zilitolewa pia kwa seti za pruufu. Senti 5 ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na bati, na shaba hiyo ikikaa ndani ya kikasha kwa miongo kadhaa huweza kuiva rangi za ajabu. Baadaye, mwaka 1974, zilitolewa sarafu za fedha za kuhimiza hifadhi ya wanyama, za shilingi 25 zenye twiga na za shilingi 50 zenye kifaru, nazo pia zilikuwa na toleo la pruufu. Kwa kuwa uwanda wa pruufu ni kioo, rangi juu yake huonekana kwa uzuri kuliko juu ya sarafu ya kawaida. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mpako mmoja wa kitambaa unatosha kuiharibu. Hata kidole kilichogusa uwanda huacha alama itakayoiva rangi yake yenyewe na kubaki hapo.

Kuipa sarafu daraja

Wakusanyaji wa dunia nzima hutumia kipimo cha namba kutoka 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za kwao. Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hata hutambui zaidi ya aina yake. 70 ni isiyo na dosari hata chini ya lenzi. Sarafu ambayo haikutumika sokoni huanzia 60, na pruufu zilizotunzwa huwa kati ya 60 na 70. Tangu miaka ya 1986 na 1987 yamekuwapo makampuni Marekani yanayozikagua sarafu na kuzifungia ndani ya vifuko vigumu vya plastiki vyenye namba hiyo. Sarafu iliyosuguliwa kwa kawaida hunyimwa namba kamili. Huandikwa tu kwamba imesafishwa.

Wewe nyumbani huhitaji kampuni. Tafuta lenzi ndogo na taa moja. Tazama kwanza sehemu zilizoinuka, maana ndizo huanza kulika: katika rupia tazama masharubu ya Kaisari, shavu lake, na tai wa helmeti. Kisha iinamishe sarafu utafute mikwaruzo ya uwanda. Mwisho tazama rangi. Rangi ya asili hupita polepole kutoka moja hadi nyingine, nayo huwa tofauti kidogo nyuma ya herufi zilizoinuka. Rangi ya kughushi, iliyopikwa kwa dawa au kwa joto ili kumvutia mnunuzi, mara nyingi huwa kali, hukatika ghafla, na kuonekana imeelea juu ya sarafu.

Kuipiga picha

Yeyote aliyejaribu kupiga picha ya sarafu inayong'aa anajua taabu yake: hupata picha ya simu yake mwenyewe ndani ya sarafu nyeusi. Mzee alinifundisha njia isiyo na gharama.

Simu isishikwe mkononi; iweke juu ya vitabu, lenzi itazame chini moja kwa moja. Zima mwanga wa simu. Weka sarafu juu ya kitambaa cheusi. Chukua kipande safi cha kioo kutoka katika fremu ya picha, ukiegemeze kwa mshazari juu ya sarafu, nusu ya kusimama na nusu ya kulala. Taa moja nyeupe iweke pembeni, imulike kioo na si sarafu. Kinga sarafu kwa kipande cha kadibodi. Sehemu ya mwanga itagonga kioo, itashuka wima juu ya sarafu, na kurudi juu kupita katika kioo hadi kwenye lenzi. Ghafla buluu na zambarau zote zitaamka.

Lakini uwe mkweli. Weka karatasi nyeupe kando ya sarafu. Ikiwa karatasi imetokea ya njano pichani, basi na rangi za sarafu zinadanganya. Usizikoleze rangi kwa programu ya simu. Piga na picha ya pili bila kioo, kwa taa mbili za pembeni, ili mikwaruzo nayo ionekane. Nyuma ya picha andika tarehe, uzito, na jina la aliyeitunza. Hilo la mwisho hakuna mnunuzi atakayelijua usipoliandika.

Utunzaji na tahadhari

Usitie sarafu katika plastiki laini inayonuka. Huacha utelezi wa kijani. Usifunge kwa mpira wala usizungushie karatasi ya gazeti. Mahali pakavu panatosha, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ikiwa sarafu ina udongo, iloweke katika maji safi, kisha iguse kwa kitambaa laini bila kusugua. Zaidi ya hapo, iache.

Ujihadhari pia na ndoto za utajiri. Katika nchi yetu wako watu wanaozunguka na ramani za mali ya Mjerumani iliyozikwa, na rupia zinazodaiwa kuwa na nguvu za ajabu. Mfanyakazi aliyechangishwa akiba yake ili hazina ichimbwe huishia na shimo. Rupia ya kawaida iliyochakaa haizidi sana thamani ya fedha iliyomo. Rupia halisi ina upana wa milimita 30 na uzito niliokwisha utaja, wala haivutwi na sumaku. Tena kumbuka kwamba nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Uliza kwanza kabla ya kuchimba au kupeleka nje kitu cha kale.

Kurudi Kilolo

Nilirudi Kilolo mwezi wa Desemba, nikiwa na kioo cha fremu ndani ya kanga. Shangazi alikuwa ameshatayarisha bakuli la maji ya ndimu kwa ajili ya ile senti 5 ya kikasha, ambayo ilikuwa imegeuka zambarau na kijani kama shingo ya njiwa. "Nayo imeoza," aliniambia kwa huzuni. Nilimwomba asubiri. Tuliweka kioo, tukawasha taa, nikampa simu atazame picha. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaita watoto wote waje waone, naye akaenda mwenyewe kulimwaga bakuli.

Rupia hazikuuzwa wala hazikugawanywa. Ukoo ulikata shauri zikae kwa shangazi, na kila nyumba ipate picha yake yenye jina la bibi nyuma. Yule kijana aliyesugua aliinamisha kichwa nilipoeleza habari za ile ya 1898. Shangazi akamzuia asijilaumu. Alisema yeye ndiye aliyetoa amri, na kwamba hata hizo tatu zitatunzwa pamoja na wenzake, kwa sababu kusuguliwa kwake nako sasa ni sehemu ya habari zake.

Ndugu msomaji, safari ijayo utakapokwenda nyumbani, omba kuonyeshwa lile kopo wakati mwenyewe bado yu hai. Muulize kila sarafu aliipataje, na uandike. Na ukiona mtu amekwisha chota jivu, mshike mkono taratibu.